Uzamivu wa jeni za kiinitete: nianze na samaki, kuku au panya?

Mchipukizi_E9
Wakuu, habarini. Naomba mwongozo kwa wanaoijua biolojia ya ukuaji wa kiinitete. Uzamili umekwisha, uzamivu unaanza, na mradi ni wa jeni inayodhaniwa kushiriki katika ukataji wa somaiti, vile vijipande vinavyojipanga pande mbili za mrija wa neva na baadaye kuwa pingili na misuli. Maabara ina samaki pundamilia na inkubeta ya mayai ya kuku. Panya wako maabara jirani.

Maswali yangu: nichague mnyama yupi? Nikipaka rangi ya insitu kuona RNA ya jeni hiyo, kila kiinitete kinatoka na picha yake ingawa vyote ni vya saa ileile, nakosea wapi? Kuizima jeni kwa CRISPR kunakula muda gani? Na baada ya uzamivu kuna kazi gani?

Saa_ya_Somaiti
Karibu. Nianze na swali la pili, maana huenda hujakosea kitu.

Kwanza acha kuhesabu saa, hesabu somaiti. Samaki pundamilia kwenye nyuzi 28.5 hukata somaiti moja kila dakika 30 hivi, kuku kila dakika 90, panya kama saa 2. Joto likishuka samaki huchelewa, na kuchelewa huko kuna kanuni ya Kimmel na wenzake ya mwaka 1995: chukua saa za kwenye nyuzi 28.5, gawanya kwa (0.055 × joto − 0.57). Inkubeta ikiwa nyuzi 25, hatua ya saa 24 utaifikia kwenye saa 29.8. Msongamano nao huchelewesha. Viinitete 60 kwa sahani ya sentimita 10 vinatosha. Kwa hiyo usiandike "saa 16" kwenye daftari, andika "somaiti 14".

Pili, kama jeni yako ni mojawapo ya zile zinazowaka na kuzimika kwa mzunguko, picha tofauti ndiyo majibu yenyewe. Mwaka 1997 kundi la mtafiti Olivier Pourquié lilionyesha kuwa RNA ya jeni ya hairy1 kwenye mkia wa kiinitete cha kuku hupita kama wimbi, wimbi moja kwa kila somaiti. Jaribio lao bado ndilo zuri kuliko yote na halihitaji mashine ya bei: kata nusu ya nyuma ya kiinitete, ipasue katikati kwa urefu, upande mmoja utie kwenye fomalidehaidi papo hapo ili ugande ulivyo, mwingine ulee kwenye nyuzi 38 kwa dakika 30, 60 au 90, kisha upake rangi pande zote mbili pamoja. Dakika 30 na 60 zikitofautiana na upande wa kwanza, halafu dakika 90 zikafanana nao, una saa mkononi, yaani jeni inayojirudia kwa kila somaiti. Zote zikifanana, rudi ukague rangi.

Kuhusu mnyama: samaki awe wa kuzima jeni, kuku awe wa kukata na kupandikiza. Panya waache kwanza. Mimba moja inaweza kuwa na viinitete 8, na mwenye nakala zote mbili mbovu ni mmoja kwa wanne, hivyo kuna uwezekano wa asilimia 10 wa kufungua mimba nzima usimpate hata mmoja. Jozi ya samaki hukupa mayai mia na zaidi asubuhi moja.

Pipeti_Kavu
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila kabla hujatangaza kuwa umepata wimbi, hakikisha rangi yako ni safi. Insitu mbovu nayo hutoa picha tofauti kwa kila kiinitete, na watu wameshajidanganya hapo.

Chanzo kikubwa ni proteinesi K, kimeng'enya kinachokula protini ili rangi ipenye. Kwa samaki wa saa 24, mikrogramu 10 kwa mililita, dakika kama 10. Walio chini ya somaiti 10 dakika moja tu au uache kabisa. Ikizidi, ncha ya mkia inameguka na ngozi inavuliwa, nawe unafikiri jeni haipo mkiani. Ikipungua, rangi inabaki juujuu. Kila chupa mpya ina nguvu yake, kwa hiyo ijaribu kwa dakika 5, 10 na 15 kwa jeni ambayo picha yake inajulikana. Baada yake rudisha viinitete kwenye fomalidehaidi ya asilimia 4 kwa dakika 20, hatua ambayo wenye haraka huiruka kisha wanashangaa viinitete kugeuka uji kwenye nyuzi 65.

Probu ya RNA, yaani kipande kinachojibandika kwenye RNA ya jeni yako, iwe na besi (herufi) 500 hadi 1000. Ukikata plasmidi (DNA ya duara unayonakilia probu) kwa kimeng'enya kinachoacha mkia upande wa 3' wa uzi, polimerasi, yaani kimeng'enya kinachonakili, hugeuka na kunakili uzi wa pili, ukapata probu inayopaka kila kitu. Chagua kinachoacha mkia wa 5'. Pitisha probu kwenye jeli kabla ya kuitumia. Ikionekana ukungu badala ya mstari, imeliwa na RNase, kimeng'enya kinachokula RNA, tupa.

Mengine ni mafupi. Haibridi, yaani probu kujibandika kwenye RNA, iwe usiku mzima kwenye nyuzi 65 hadi 70 ndani ya fomamaidi ya asilimia 50. Kingamwili ya kukamata digoksijenini, ile alama iliyo kwenye probu, 1 kwa 5000, usiku kwenye nyuzi 4. Rangi ya NBT na BCIP kwenye pH 9.5, gizani, ukichungulia kila baada ya dakika 15. Viinitete vyote vya jaribio moja vizuiwe rangi dakika ileile, la sivyo unalinganisha subira yako na si jeni. Ubongo wa samaki mkubwa hunasa probu kwenye matundu yake, hivyo zambarau iliyojaa humo usiiamini mpaka utoboe kwa sindano na kurudia.

Mkata_Jeni
Swali la CRISPR. Upime muda kwa vizazi, na kizazi cha samaki ni miezi 3. Unadunga, unasubiri miezi 3, unazalisha na samaki wa kawaida, unasubiri mingine 3, ndipo ndugu wawili wenye nakala moja mbovu wanakupa viinitete vyenye mbili. Miezi 6 hiyo ni kama hakuna ajali. Lakini kiinitete huanza maisha kwa RNA alizoweka mama kwenye yai, na jeni zake mwenyewe huamka kwa wingi kwenye saa 3 hivi. Akiba ya mama inaweza kuficha kasoro, basi itabidi ulee jike asiye na jeni hiyo kabisa, miezi 3 tena.

Kwa hiyo wiki ya kwanza anza na viinitete vilivyodungwa vyenyewe. Changanya protini ya Cas9, ambayo ndiyo mkasi wa CRISPR, na RNA elekezi tatu za jeni moja, zinazouonyesha pa kukata. Hesabu yake ni hii: mkato mmoja huvunja fremu ya kusoma (mpangilio wa herufi tatutatu ambao seli husomea jeni) mara mbili kwa tatu, kwa nakala zote mbili ni 4/9, asilimia 44. Sehemu tatu zikikatwa zote inapanda hadi kama 93. Dunga nanolita 1, ndani ya seli na si kwenye kiini cha njano, kabla ya mgawanyiko wa kwanza, ambao ni dakika 45 hivi baada ya kurutubishwa. Ukubwa wa tone upime kwenye mafuta ya madini: kipenyo cha milimita 0.125 ni nanolita 1. Sindano ikiziba na ukaivunja ncha, pima upya. Hapa ndipo dozi hupanda mara nne bila mtu kujua, akaita sumu "kasoro ya somaiti".

Weka makundi matatu ya kulinganishia: wasiodungwa, waliodungwa Cas9 na RNA elekezi isiyolenga kitu, na waliodungwa kisha wakapewa RNA nzima ya jeni. Kundi la pili likifa zaidi ya asilimia 10, mayai ya siku hiyo usiyahesabu.

Ukipata samaki asiye na jeni na yuko mzima kabisa, usikate tamaa mapema. RNA iliyovunjika fremu huozeshwa na seli, na kuozeshwa huko kunaweza kuamsha jeni ndugu zikafidia. Dawa ni kufuta promota, sehemu ya DNA inayoiwasha jeni, ili RNA isiandikwe kabisa. Mofolino, kile kipande cha kudunga kinachoziba RNA bila kugusa jeni, usiitegemee peke yake, huweza kuamsha p53, protini inayoamuru seli kufa, na seli zikafa kwa sababu isiyohusu jeni yako.

Benchi_na_Kompyuta
La ajira. Wengi huenda utafiti wa baada ya uzamivu, miaka 2 hadi 5, na nafasi za kuongoza maabara ni chache kuliko wanaozitaka. Barua kwa maabara unazozitaka ziandike mwaka mmoja kabla ya kumaliza, kila moja na jaribio moja ambalo ungelifanya kwao.

Wakati huohuo jenga mikono inayouzika nje ya benchi lako. Anayedunga yai la samaki bila kulipasua ana nusu ya mkono wa mtaalamu wa viinitete wa kliniki ya uzazi. Nusu nyingine ni mafunzo ya kliniki na leseni. Anayeweza kuchambua RNA ya seli mojamoja kwa lugha za kompyuta za R au Python huitwa na kampuni za dawa hata kama hajui samaki ni nini. Wapo pia wasimamizi wa vituo vya darubini, kazi nzuri isiyosemwa vya kutosha. Na kozi ya embriolojia ya Woods Hole, Marekani, wiki sita, ipo tangu 1893: unashika karibu kila mnyama tuliyemtaja hapa.

Mchipukizi_E9
Asanteni sana. Moja tu: probu yangu ya kulinganishia, ya uzi wa kinyume, ambayo haikutakiwa kushika kitu, nayo inatoa rangi hafifu mkiani. Nifanyeje?

Pipeti_Kavu
Usiitegemee hiyo peke yake, baadhi ya jeni huandikwa pande zote mbili. Tengeneza probu mbili za jeni yako zisizoingiliana, moja ya mwanzo na moja ya mwisho wa RNA. Zikitoa picha moja, endelea. Zikitofautiana, anza na jeli.