Kikundi: Ukoo wa Bi Mwanahawa, Muheza

Da Mwanaidi [19:02]: Asalaam alaykum. Jumamosi saa 2 asubuhi tunakwenda kupima selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Bahati na mchumba wake kwanza, kabla mahari haijapelekwa. Anayekuja aandike jina.

Da Mwanaidi [19:41]: Naona mmesoma. Majina yako wapi?

Hamisi: Chai ipo? 😂

Bahati: Da Mwana, mimi mzima. Sijawahi hata kulazwa.

Da Mwanaidi: Mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, haumwi, ndiyo maana hajijui. Akimwoa mwenziwe wa AS, kila mimba ni bahati nasibu: 1 kati ya 4 mtoto anazaliwa SS, karithi kwa wote wawili, huyo ndiye mgonjwa. Tanzania wagonjwa hao wanazaliwa kama 11,000 kila mwaka.

Salma: Kwa nini iwe kwetu sana?

Da Mwanaidi: Malaria. AS humkinga mtoto na malaria kali. Daktari Allison alipima damu za watu Kenya, akakuta pwani na kando ya Ziwa Victoria AS ni wengi, nyanda za juu wachache. Akachapisha 1954. Watu walipofyeka misitu walime, vidimbwi vikapigwa jua, na mbu wa malaria hapo ndipo anapopenda kutaga. Watoto wengi walikufa, wa AS wakabaki, wakazaa.

Hamisi: Kumbe tumechujwa na mbu!

Salma: Kwa vidimbwi hivyo hivyo, yale mashimo ya matofali nyuma ya kwa mama yanafukiwa lini?

Ba Mdogo Rajabu: Salma, hilo tulilimaliza msibani.

Salma: Mlilimaliza nyinyi. Wanangu ndio wanaochomwa sindano kila masika.

Hamisi: Simba wamesawazishaaaa ⚽

Da Mwanaidi: HAMISI.

Bibi (anaandikiwa na Zuberi) [20:36]: Zuhura nilimkanda mwenyewe. Vidole vimevimba, macho manjano, analia mifupa mpaka alfajiri, na watu wa humu humu wakisema karogwa. Mahari haitoki nyumbani kwangu kabla ya majibu. Na wewe Rajabu, fukia.

Ba Mdogo Rajabu [21:20]: Nimesikia, mama. Ila kifusi ni pesa.

Bahati: Nitakwenda, bibi. Mwenzangu sijamwambia bado.

Da Mwanaidi: Mwambie leo. Wengine?

Hamisi: Niandike. Gari la nani?

Juma Muscat [00:47]: Ndio natoka kazini. Huku Oman nako selimundu ipo. Kifusi mnataka tripu ngapi?