Naomba ushauri: sampuli zangu za damu zinarudishwa, seli nyekundu zimepasuka

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nipo mafunzoni, mwezi wa pili sasa najifunza kutoa damu. Shida yangu si kuukosa mshipa; vena ya kwenye kiwiko naipata vizuri tu. Shida ni kwamba maabara wanazirudisha sampuli: seli nyekundu zimepasuka, majimaji ya juu yametoka mekundu badala ya manjano, na potasiamu inasoma juu kwa mtu asiyeumwa chochote. Sababu ya hiyo potasiamu naielewa, maana ndani ya seli ni nyingi mno kuliko nje, zikipasuka lazima imwagike.

Natumia sindano ya geji 21 na bomba la mililita 10. Nimejaribu kuacha spiriti ikauke kabisa kabla ya kuchoma, kamba ya mkononi naifungua kabla ya dakika 1 kuisha, na chupa siitikisi tena, naipindua taratibu. Tatizo limepungua, halijaisha. Mwenzangu anayetumia chupa zenye ombwe (zinazovuta damu zenyewe, bila bomba) halimpati kabisa (na ana mkono mzito kuliko mimi!).

Naomba kuuliza: je, huenda navuta bomba kwa nguvu mno, na ninyi kasi inayofaa mnaijuaje? Halafu, wakati wa kuhamisha damu kutoka kwenye bomba kwenda kwenye chupa, nitoboe kizibo kwa sindano ileile au kuna njia salama zaidi? Nimeona watu wakitoboa, ila mimi naogopa kujichoma.

Natanguliza shukrani.