Serikali ikiwa mbia wa mgodi, nani atamwajibisha mwekezaji?

Mkazi wa Sirari (muuliza swali)

Ndugu zangu, salaam. Tangu tarehe 24 Januari 2020, Serikali yetu ilipotia saini makubaliano na Barrick, kampuni ya dhahabu ya Kanada, na kuanza kwa kampuni ya Twiga Minerals, ambamo Serikali ina asilimia 16 ya hisa na Barrick asilimia 84, mazungumzo yetu kuhusu migodi ya North Mara, Bulyanhulu na Buzwagi yamekuwa ya fedha tu: mrabaha ni kiasi gani, gawio ni kiasi gani, na zile dola milioni 300 za kumaliza mgogoro wa makinikia (mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje) zimelipwaje. Sina ugomvi na hesabu hizo, na ninakumbuka vizuri hali ilivyokuwa kabla ya sheria za madini kubadilishwa mwaka 2017. Swali langu linahusu jambo ambalo hesabu hazilifikii.

Mgodi wa North Mara umezungukwa na vijiji vya Nyamongo, na kwa miaka mingi vijana wamekuwa wakiingia kwenye vilima vya mabaki kutafuta magwangala, yaani mawe ya mabaki yenye chembe za dhahabu. Wanaokutana nao huko si walinzi wa kampuni peke yao, bali pia askari polisi, ambao kwa makubaliano kati ya Jeshi la Polisi na mgodi wamekuwa wakipata kutoka mgodini posho, mafuta ya magari na mahitaji mengine ya kazi. Tarehe 16 Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi hapo mgodini. Uchunguzi uliofanyika nchini mwaka 2016 ulipokea taarifa za vifo 65 na majeruhi 270.

Msimamo wa kampuni kwa miaka yote umekuwa kwamba polisi ni chombo cha dola na yenyewe haikiamrishi. Viongozi wa Serikali nao wakiulizwa huzungumzia uvamizi wa mali ya mwekezaji. Sasa mwekezaji na Serikali wamekuwa wabia. Je, mwananchi aliyejeruhiwa amshitaki nani, na katika mahakama ipi? Na kwa upande wa siasa, ni ofisi gani hasa inayopaswa kusimama na kujibu? Naomba michango ya wanaozifahamu sheria na taratibu, kwa sababu lawama za jumla tunazo za kutosha.

Wakili wa Kata

Ndugu Mkazi, nianze na mahakama, kwa kuwa ndiko njia zimejaribiwa zaidi.

Ugumu wa kwanza ni kwamba tunachokiita "kampuni" ni ngazi kadhaa. Chini ipo kampuni yenye mgodi, iliyosajiliwa hapa nchini. Juu yake, kabla ya mwaka 2019, ilikuwapo Acacia, ambayo zamani ilijulikana kama African Barrick Gold na iliorodheshwa katika soko la hisa la London, na juu kabisa ni Barrick yenye makao makuu Toronto, iliyomiliki karibu asilimia 64 ya Acacia hadi ilipoinunua yote Septemba 2019. Kila dai linapovuka mpaka, swali la kwanza la mahakama huwa ni ngazi ipi inayohusika, na swali la aliyefyatua risasi husubiri nyuma yake, mara nyingine kwa miaka.

Mwaka 2013 wanavijiji walifungua shauri London kupitia kampuni ya mawakili ya Leigh Day, dhidi ya African Barrick Gold na kampuni ya mgodi. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama Februari 2015, kampuni bila kukiri kosa na masharti yakiwa siri. Siwalaumu waliokubali, maana mtu mwenye jeraha na watoto wa kulisha hawezi kuahirisha maisha yake kwa ajili ya kuwatengenezea wengine sheria. Lakini matokeo yake ni kwamba hakuna hukumu iliyoandikwa, wala shahidi aliyehojiwa hadharani kuhusu nani alitoa amri gani.

Baadaye mlango wa London ulipanuka kidogo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la wanakijiji wa Chingola, Zambia, dhidi ya Vedanta na mgodi wa shaba wa Konkola, iliruhusu kesi isikilizwe huko, ikieleza kwamba kampuni mama inaweza kubeba wajibu wa uangalizi ikiwa ndiyo iliyojitwalia usimamizi wa mambo ya kampuni tanzu. Novemba 2022 wakazi wa Nyamongo wakaijaribu njia inayofanana na hiyo nchini Kanada, wakaishitaki Barrick yenyewe katika mahakama ya Ontario. Novemba 2024 mahakama ilikataa kulisikiliza shauri, ikiona kwamba halina uhusiano wa kutosha na Ontario na kwamba Tanzania ndiyo mahali panapofaa zaidi.

Haya, turudi nyumbani. Anayetaka kuishitaki Serikali kwa kitendo cha askari wake lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, kisha aende Mahakama Kuu. Ushahidi atakaouhitaji uko mikononi mwa polisi wenyewe, na sisi hatuna chombo huru cha kuchunguza polisi kama wenzetu wa Kenya walivyounda IPOA kwa sheria ya mwaka 2011. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inaweza kuchunguza, lakini mwisho wake ni kupendekeza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, karibu kabisa na mwananchi huyu, ila Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuifikia moja kwa moja. Kwa hiyo jaji wa Ontario anaposema nyumbani panafaa, anazungumzia nyumba ambayo milango yake kadhaa imefungwa na mwenye nyumba.

Kuna dhana moja niisahihishe kwa haraka. Wapo wanaodhani sheria ya mwaka 2017 ya mamlaka ya nchi juu ya utajiri wa asili inamzuia mwananchi kwenda kudai nje. Kwa ninavyoisoma, katazo lile linahusu mamlaka ya nchi juu ya rasilimali kupelekwa mbele ya mahakama na mabaraza ya kigeni. Mtu aliyepigwa risasi ya mguu anadai mguu wake.

Mhasibu wa Kahama

Ninamheshimu Wakili, ila nadhani mnaipuuza ile asilimia 16. Kabla ya makubaliano, migodi ilikuwa ikitangaza hasara mwaka baada ya mwaka na sisi tukisoma hesabu zilizokwisha kupikwa na kupakuliwa na wengine. Leo Serikali ina wajumbe katika bodi, inaziona hesabu kabla hazijafungwa, na manufaa ya kiuchumi yanapaswa kugawanywa nusu kwa nusu. Mtu aliye ndani ya chumba cha mkutano ana nguvu kuliko anayepiga kelele getini.

Pia tuwe wakweli kuhusu Nyamongo. Kuna watu wanaoingia mgodini kwa makundi wakiwa na mapanga na mishale, na kuna biashara nzima ya "tegesha", ambapo vibanda na miti huota usiku mmoja kwenye eneo linalosubiri fidia. Askari aliye zamu hapo usiku hana kazi nyepesi. Na vyombo vya Serikali si kwamba vimelala: Mei 2019 NEMC, Baraza la Taifa la Mazingira, iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa maji kutoka bwawa la tope sumu.

Kuhusu swali la siasa, watu wanasahau halmashauri. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inautaka kila mgodi uandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri, nayo halmashauri inapokea ushuru wa huduma unaokokotolewa kwenye mauzo. Diwani anayelalamika kwamba mgodi haujali wananchi aulizwe kwanza alipitisha mpango gani.

Wakili wa Kata

Mhasibu, la halmashauri umelisema vizuri na sina la kuongeza. Ila faini ya NEMC ni ya Mei 2019, wakati Serikali ilikuwa bado haijawa mbia, kwa hiyo haiwezi kuwa ushahidi wa faida ya ubia.

Na kuhusu kiti katika bodi: mkurugenzi wa kampuni, hata akiwa ameteuliwa na Serikali, kisheria anawajibika kuitumikia kampuni ile. Kazi yake hapo si kuwa wakili wa Nyamongo, na akigeuka kuwa hivyo wenzake watakuwa na haki ya kumkumbusha mipaka yake. Kiti kinaleta taarifa, hilo nakubali. Lakini taarifa ikiishia kwa Msajili wa Hazina, anayesimamia hisa za Serikali, bila kufika bungeni, mwananchi hajapata chochote. Kuhusu mapanga na mishale, askari anayeshambuliwa ana haki ya kujilinda kwa kiasi kinachostahili, na ndiyo maana panahitajika uchunguzi huru kila silaha inapotumika, ili ijulikane ni wakati gani alikuwa akijilinda na wakati gani hakuwa.

Mwana wa Lubumbashi

Ndugu zetu wa Tanzania, niruhusuni niingie, kwa kuwa haya tumeyapitia Katanga, kusini mwa Kongo. Nazungumzia Kilwa; si ile yenu ya pwani, bali mji mdogo ulio kando ya Ziwa Mweru.

Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji huo. Jeshi la Kongo lilikwenda kuurudisha, na katika operesheni hiyo zaidi ya watu 70 waliuawa, baadhi yao baada ya kukamatwa, bila kesi yoyote. Kilomita zipatazo 50 kutoka hapo, kampuni ya Anvil Mining ilikuwa ikichimba shaba na fedha katika mgodi wa Dikulushi. Wanajeshi walifika kwa ndege iliyokodiwa na kampuni hiyo, na walitembea kwa magari yake. Kampuni haikukana kutoa usafiri. Ilisema ulitwaliwa kwa amri ya Serikali nayo haikuwa na hiari. Mnaona jinsi maneno yanavyofanana na ya kwenu: nguvu ni ya dola, vifaa ni vya kampuni, na katikati hakuna mtu.

Wanajeshi na wafanyakazi watatu wa zamani wa Anvil walishitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi, na Juni 2007 wakafutiwa mashitaka ya mauaji ya Kilwa. Mwaka 2010 familia zikajaribu Québec, Kanada. Jaji wa kwanza alikubali kulisikiliza shauri, lakini mahakama ya rufani ikalikataa Januari 2012, kwa hoja kwamba ofisi ya Anvil ya Montréal ilifunguliwa mwaka 2005, baada ya mauaji, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kulipokea mwaka huo huo. Wakati huo Anvil ilikuwa imekwisha kununuliwa na kampuni nyingine, hata jina lenyewe likatoweka.

Kilichobaki kilikuwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Banjul. Uamuzi wake, uliotangazwa mwaka 2017, uliitia hatiani Serikali ya Kongo, ukaamuru waathirika wanane na familia zao walipwe dola milioni 2.5, na, jambo ambalo halikuwa la kawaida, ukagusa waziwazi msaada uliotolewa na Anvil na kuitaka Serikali ifungue upya uchunguzi wa jinai, wafanyakazi wa kampuni wakiwamo. Kwa ninyi hili lina maana: ili kupeleka malalamiko mbele ya Tume hakuhitajiki lile tamko ambalo Serikali yenu iliondoa. Udhaifu wake ni kwamba utekelezaji unaachwa kwa Serikali ile ile iliyotiwa hatiani.

Na juu ya hisa, ndugu Mhasibu, kwetu Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, imekuwa mbia wa wageni kwa miaka mingi, na kanuni ya madini ya mwaka 2018 ilipandisha hisa za bure za Serikali kutoka asilimia 5 hadi 10. Sijaona hisa zikimfanya mtu yeyote aulize juu ya Kilwa.

Mkazi wa Sirari

Nawashukuru nyote. Ndugu wa Lubumbashi, kesi hiyo sikuifahamu, na nitaisoma. Sasa niulize jambo la kutekelezeka: kama wananchi wa jimbo moja wangemtaka mbunge wao aanze na hatua moja tu, iwe ipi?

Wakili wa Kata

Makubaliano kati ya polisi na mgodi. Mbunge aulize yanayotumika leo ni yapi, yalisainiwa lini na nani, mgodi unatoa nini, ni nani mwenye mamlaka ya kuruhusu risasi za moto, na kila tukio la mtu kujeruhiwa huandikwa wapi na kuchunguzwa na nani. Swali lielekezwe kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha jambo hilo hilo lipelekwe kwenye Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, ambayo ina haki ya kumwita Msajili wa Hazina aeleze wajumbe wa Serikali katika bodi walisema nini juu ya makubaliano hayo, au kama hawajawahi kuyaona.

Mhasibu wa Kahama

Hapo kwenye kamati nakuunga mkono. Mbunge aombe na maelezo ya maandishi kuhusu gharama za ulinzi, kwa sababu posho na mafuta hayo yanaingia katika hesabu za mgodi kama matumizi, na matumizi yanapunguza faida ambayo asilimia 16 yetu inakokotolewa humo.