Mrejesho: tulienda kuchuma stroberi Bahati

Haya watu wangu, ni mimi yule niliuliza kama chama yetu, watu wazima 11 na watoto 6, tunaweza toka Nakuru mwezi huu wa kumi twende shamba la kujichumia stroberi huko Bahati ama mvua itatuharibia. Tulienda Jumamosi. Yule aliniambia tufike mapema asubuhi, Mungu akubariki, kwa sababu saa saba mvua ilishuka ile ya kumwaga na ndoo, na matatu tuliyokodi ikakwama kwa matope tukaisukuma sisi kina mama na leso kiunoni, dereva ameketi tu ndani anasema ongezeni nguvu kidogo.

Lakini kuchuma kulikuwa kutamu sana. Mwenye shamba alituonyesha usivute tunda, unakata kikonyo na kucha ndio ile kofia ya majani ibaki, halafu chuma iliyoiva nyekundu yote maana stroberi ikishatoka kwa mmea haiivi tena, sio kama ndizi ati utaiweka kabatini. Mimi nilibeba ndoo, kosa kubwa, za chini zikawa uji. Bebeni vyombo vifupi.

Pesa ni kwa kilo, ila watoto walikula nyingi kabla ya mizani, midomo nyekundu yote, nikaona aibu nikaongeza mia mbili. Zile za uji nimepika jemu. Shosho anauliza tunarudi lini.