Ushauri: Je, mtoto anaweza kumsainia baba yake fomu ya upasuaji?

Kijana wa Isyesye: Wakuu, baba yangu amelazwa katika hospitali moja hapa Mbeya kwa kidonda cha kisukari kilichoanzia kidoleni, na daktari ameshauri mguu ukatwe kabla uozo haujapanda. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nikisaini fomu ya ridhaa kwa niaba yake, inatosha?

Mama Uyole: Pole, mwanangu. Marehemu kaka yangu alichomwa na mwiba shambani kule Rungwe asihisi kitu, kwa sababu kisukari huua hisia za miguu; tukahangaika na majani mpaka tukachelewa. Wazee wakaguliwe nyayo kila jioni.

Nyanda za Juu: Mama, shikamoo, lakini hilo hakuuliza. Mleta uzi, mzee mwenyewe anasemaje?

Kijana wa Isyesye: Hawezi kuamua.

Nyanda za Juu: Amepoteza fahamu?

Kijana wa Isyesye: Hapana, amekataa. Lakini anayelipa ni mimi, wadogo zangu wameafiki, na nimekwisha kumwambia muuguzi kwamba mzee anachanganyikiwa, ingawa jana alinisahihisha hesabu ya magunia ya viazi.

Mzee wa Makambako: Kama anayelipa ndiye anayesaini, basi ukatwe wako.

Nyanda za Juu: Ndugu husaini pale mgonjwa hajitambui au ni mtoto. Mtu mzima mwenye akili timamu huamua mwenyewe, hata uamuzi wake ukituuma. Jaji Cardozo wa New York aliliandika hilo mwaka 1914, katika kesi ya mwanamke aliyekubali kuchunguzwa tu akatolewa uvimbe akiwa usingizini. (Kesi yenyewe alishindwa, kwa hoja nyingine.)

Mama Uyole: Sheria za New York hazimzuii mzee kufa.

Fundi Mafinga: Mgonjwa asiyeweza kuamua, ila anakagua mahesabu ya viazi? Huyu ni mtunzi anayetafuta mwisho wa hadithi.

Kijana wa Isyesye: Sitampiga baba picha wodini ili wewe uamini. Anakataa kwa sababu baba mdogo alikatwa mguu mzima, kutokea pajani.

Nyanda za Juu: Na huyu atakatwa wapi: kidole, chini ya goti, au juu yake?

Kijana wa Isyesye: Hatujauliza.

Nyanda za Juu: Basi hata mzee hajui anachokikataa. Mwambie muuguzi ukweli, kisha umwombe daktari akae na baba yako, amweleze anakata wapi, kuna njia gani nyingine na akibaki hivyo itakuwaje. Fomu mwachie mwenyewe.