MJADALA: Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) ipange bei ya maziwa, au pesa iende kwengine?

Mwenye mada:
Assalamu alaykum wenzangu. Masika majani yakijaa, mfugaji hutembeza dumu la maziwa asione mnunuzi. Kaskazi likikaza, hasa Ramadhani ikiangukia humo, hayo hayo maziwa yanatafutwa kwa tochi. Kila mwaka inarudi hoja ile ile: Serikali itangaze bei, kama inavyofanya kwa karafuu kupitia ZSTC, shirika lake la biashara.

Mimi siiungi mkono. Karafuu ukishaianika ikakauka, inakaa ghalani mpaka soko litengemae. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri, kwa joto letu hili, saa tano unayabandika jikoni yanakatikia sufuriani. Tangaza bei unayotaka. Asipokuwepo mwenye wajibu wa kuyanunua, umetangaza karatasi. Na akiwepo, atayaweka wapi? Ulaya, ambao wana pesa, walinunua ziada ili kushika bei, maghala yakafurika siagi na maziwa ya unga, mpaka 1984 ikabidi wafugaji wawekewe viwango vya kuzalisha. Viwango vyenyewe vikafutwa 2015.

Pesa ya ruzuku iende kwenye vituo vya kupokelea maziwa huko huko vijijini, na matangi ya baridi. Mfugaji akiweza kulaza maziwa yake mpaka kesho, mchuuzi hana tena cha kumtishia nacho.

Mfugaji wa Kiboje:
Sheikh, baridi sawa, lakini umeanzia mwisho wa safari. Maziwa ya kiangazi hayapo ya kupozwa! Ng'ombe wa kisasa bila pumba anakata maziwa siku chache tu, na pumba kiangazi ndiyo zinapanda. Nyengine zinavuka bahari, kwa hiyo tunalipa na nauli. Majani ya kukata na kuhifadhi tungeweza, wengi wetu shamba hatuna, tunakata pembezoni mwa barabara.

Mnataka mfano wa Serikali kufanya jambo likafaa? Mbung'o. Unguja walimalizwa kabisa kufikia 1997, kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, kazi iliyofanywa pamoja na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Kabla ya hapo kumweka ng'ombe wa damu ya kizungu sehemu za msitu ilikuwa kumpeleka kwenye nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Hakuna aliyetupangia bei, na ng'ombe wa maziwa wakaongezeka. Sasa tupeni dawa ya kupe na chanjo ya ndigana, homa inayoletwa na kupe hao, kwa bei nafuu, na mbegu za majani.

Muuza mtindi, Mwanakwerekwe:
Nyote mnazunguka. Adui ni maziwa ya unga kutoka nje. Pandisheni ushuru basi!

Mwenye mada:
Dada yangu, ushuru huo Zanzibar haipandishi peke yake. Tumo ndani ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki tangu 2005, na maziwa yamo kwenye orodha ya bidhaa nyeti, ushuru wake 60% tayari. Na yanayotoka Bara hayalipi ushuru huo hata kidogo. Ukitaka kuwazuia wa Tanga, utaanza kesi na nchi yako mwenyewe.

Halafu unga si lazima uwe adui. India, mpango wao wa maziwa ulioanza 1970, walipewa unga na mafuta ya siagi ya msaada kutoka Ulaya. Hawakuyamwaga sokoni kwa bei ya kutupa. Walichanganya, wakauza mijini kwa bei isiyomuua mfugaji, na pesa iliyopatikana ikajenga vyama vya ushirika na viwanda. Kwetu unga unaingia kiangazi na masika, bila hesabu ya mfugaji ana nini kwenye dumu. Kiwanda cha maziwa kinachotaka nafuu yoyote ya Serikali kifungwe mkataba: masika kinapokea ya hapa kwanza.

Muuza mtindi, Mwanakwerekwe:
Mkataba huo atausimamia nani? Mimi nikiletewa maziwa yaliyotiwa maji hakuna wa kumshitakia, sembuse kiwanda.

Mwenye mada:
Hapo umenibana. Kituo kikiwa na kipimo cha kugundua maji ndani ya maziwa, na mfugaji analipwa kwa ubora, wa kutia maji ataumbuka pale pale kwenye foleni. Kiwanda ni kigumu zaidi, nakubali.

Mchangiaji, Wete:
Huko Unguja mshapanga matangi, nani atalipa umeme wake? Mmesahau waya wa umeme wa kutoka Bara ulipoharibika Disemba 2009, mkakaa gizani mpaka Machi 2010? Na sisi Pemba waya wetu wa kutoka Tanga ndio uliokuja 2010. Tangi la maziwa bila jenereta ni pipa tu. Jenereta inataka dizeli, na dizeli itakatwa kwenye bei ya mfugaji wa Konde, ambaye anauza lita mbili tatu kwa siku. Wekeni kwanza bajeti ya kuendesha vituo, sio ya kuvizindua. Ikionekana hiyo, mimi niko upande wa mwenye mada. Isipoonekana, bora tufundishwe kutengeneza mtindi na samli hapa hapa nyumbani, maana samli haihitaji tangi.

Mfugaji wa Kiboje:
Samli naam. Pumba je?