Mrejesho: picha za waanika dagaa, Igombe (Mwanza, kando ya Ziwa Victoria)

Wakuu, Julai niliwauliza nifanyeje nyuso za mama zetu wanaoanika dagaa zisitoke nyeusi kwa jua la mchana. Mkasema niende alfajiri, tena niombe ruhusa kwanza. Asanteni sana! Jua likichomoza tu mwanga unapita ubavuni, kila dagaa anameta peke yake.

Siku za mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa vizuri, chanja za kuanikia ziko tupu, nazo nimezipiga picha.

Aprili mvua ikatukuta. Mama mmoja alikuwa anakusanya dagaa wabichi kwenye turubai, maji yakimchuruzika viwikoni. "Hawa sasa ni chakula cha kuku," akaniambia. Picha hiyo naipenda kuliko zote. Nimemsafishia nakala, ameibandika kando ya kalenda.